Dobi aliyefua damu ya filamu, sasa asomea utayarishaji

Saa moja na robo asubuhi, Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Katika ua wa nyumba yenye geti la bluu, watu kumi na wanane wamesimama kimya wakisubiri ndege ipite. Mwigizaji ameshika sahani ya maandazi, hatikisiki. Mtu wa sauti ameinua mkono juu. Mngurumo unapita juu ya mabati, unafifia, lakini mkono haujashuka.

"Usishushe kwanza," anasema mwanamke aliyekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari mapajani. "Kuna nyingine ndogo inafuata. Dakika moja tu."

Kweli, ndege ndogo inapita. Mkono unashuka, kazi inaendelea.

Mwanamke huyo ni Felicitas Komba, 44, mkazi wa Chanika. Wiki moja kabla ya kazi kuanza, alikaa kwenye ua huu siku tatu na saa ya mkononi, akiandika kila ndege na muda wake. Hakuna aliyemtuma.

"Ukikodi nyumba Kipawa lazima uzijue ndege zake," anasema. "Ratiba inakwambia ndege inaruka saa ngapi. Haikwambii makelele yanakaa muda gani."

Felicitas yuko mwaka wa pili akijifunza utayarishaji wa filamu na tamthilia za televisheni. Mtayarishaji, au prodyuza kama wenyewe wanavyomwita, ndiye anayetafuta fedha, watu, mahali na vibali, na ndiye anayelaumiwa kitu kikiharibika. Siku za kazi anajifunza chini ya mtayarishaji mzoefu, Hamida Mchopa, 62. Jumamosi anakwenda Kinondoni kwenye darasa la mafunzo ya filamu. Huko ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote, mwalimu akiwemo.

Miaka minane iliyopita alikuwa dobi.

Alifua na kupiga pasi nyumba kwa nyumba huko Ukonga, kwa ujira wa Sh5,000 hadi Sh8,000 kwa siku, siku ikiwa nzuri. Mumewe, Benedikto, ni fundi wa kupaua, na mvua zikianza kazi zake husimama. Binti zao wawili walikuwa shuleni.

"Sabuni ilinila vidole," anasema, akigeuza viganja vyake. "Nilikuwaga siwezi hata kukamua ndimu, nachomeka."

Siku moja msichana anayeitwa Eliaichi, aliyekuwa akisimamia mavazi ya filamu iliyokuwa ikipigwa jirani, alimletea mfuko wa nguo. "Dada, zifue zote, kesho asubuhi nazipitia," alimwambia, akaondoka haraka. Ndani ya mfuko kulikuwa na shati jeupe la kiume, kifuani limelowa damu.

"Nilidhani mtu kauawa," Felicitas anasimulia. "Nikampelekea Benedikto. Akanusa, akaniambia, 'Mama Noela, hii rangi ya juisi na unga.' Nikacheka, nikaanza kazi."

Alilisugua kwa maji baridi, ndimu na chumvi zaidi ya saa nzima, akalianika juani. Kufikia alasiri shati lilikuwa jeupe kama la mtoto wa komunio.

Asubuhi ya pili simu ikaita. Shati lile lilikuwa halijamaliza kazi. Nusu ya tukio ilipigwa jana yake, nusu ilibaki, na mwigizaji alitakiwa kusafiri kwenda Mwanza mchana huohuo. Aliyetengeneza damu ile alikuwa ameshaondoka. Felicitas alipofika nalo pale walipokuwa wakipiga filamu, alikuta watu zaidi ya ishirini wamekaa, wanamtazama yeye.

"Nililia pale pale. Nilijua wataniambia nilipe."

Bi Hamida, aliyekuwa mtayarishaji wa filamu hiyo, anaikumbuka vizuri asubuhi ile. Nyumbani kwake Temeke, mguu ukiwa umeegeshwa kwenye stuli, anaanza kucheka kabla hajasimulia.

"Nililiinua lile shati juani nikatafuta hata alama moja. Hakuna! Nikamwambia, mwanamke wewe fundi," anasema. "Kosa lilikuwa letu. Tumempa dobi nguo chafu, kaifua. Tulitaka afanyeje?"

Felicitas alifuta machozi, akaomba rangi na brashi. Alisema damu ile ameisugua saa nzima, kwa hiyo anajua ilivyokaa. Akachora bonge moja chini ya mfuko, michirizi mitatu iliyoteremka hadi kifungo cha pili, na tone dogo kwenye kola, la ukubwa wa karanga. Mwongozaji alilinganisha shati na picha ya jana kwenye kamera. Akarudia kulinganisha. Kisha akasema neno moja: "Tuendelee."

Tangu siku hiyo Felicitas akawa anaitwa kwenye kila kazi ya Bi Hamida, kwanza kama mfuaji, baadaye kama msimamizi wa mavazi. Bi Hamida alimpa skripti na agizo moja: asiloweke nguo yoyote kabla hajasoma.

Kwa mwanamke aliyeishia darasa la saba huko Mbinga, haikuwa kazi ndogo. Alisoma kwa kufuatisha kidole, na maneno ya Kiingereza alimuuliza binti yake mkubwa, Noela. Polepole akajikuta anajua mambo yasiyohusu nguo: nani hajala, nani kagombana na nani, gari gani halina mafuta, tukio gani halitawezekana kesho na kwa nini.

"Baada ya miaka mitano nilimwambia, kazi yangu unaifanya tayari, ila jina tu huna," anasema Bi Hamida. "Nenda kasome."

Ada ya darasa la Jumamosi ilikuwa Sh450,000. Nusu alitoa Bi Hamida. Nusu nyingine ilipatikana baada ya Benedikto kuuza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kuezeka chumba cha nyuma.

"Chumba kitangoja," anasema Benedikto. "Mabati yapo dukani kila siku. Nafasi ile isingengoja."

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka jana. Bi Hamida alikuwa na tamthilia ya sehemu kumi na tatu, na kituo cha televisheni kilishatoa tarehe ya kukabidhiwa. Katikati ya kazi akalazwa kufanyiwa upasuaji wa goti, akamwachia Felicitas usimamizi.

Siku ya tisa walifika Chanika kwenye nyumba waliyokuwa wakipigia matukio makuu, wakakuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa mkekani. Mwenye nyumba, Mzee Adelard, alikuwa amefiwa na dada yake aliyekuwa akiishi naye.

Mwongozaji wa tamthilia hiyo, Allen Lusungu, 29, alikuwa na wasiwasi wa tarehe. "Mkataba tunao, na tumelipa mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia Felicitas. "Tupite kwa nyuma, hatutapiga kelele."

Felicitas alijitenga, akampigia simu Bi Hamida hospitalini.

"Shikamoo Bi mkubwa. Kuna msiba kwenye nyumba yetu. Nifanyeje?"

"Marahaba. Wape pole. Kwani mie niko hapo?"

"Hapana, Bi mkubwa."

"Basi usinipigie kuniuliza. Amua, halafu nipigie uniambie."

Simu ikakatwa. Watu thelathini na mmoja walitegemea kazi ile, na kituo kilikuwa na haki ya kuikataa ikichelewa.

Aliamuru kamera zirudi garini. Wanawake wa timu aliwapeleka jikoni kwa wafiwa, wanaume wakabeba viti na maji. Allen na wachache wakaenda kupiga matukio ya mtaani. Kisha akapiga simu kituoni kuomba siku tano. Akapewa tatu.

"Allen alinuna, hakunisemesha siku nzima," anasema. "Lakini wali alikula."

Siku ya nne ya msiba, maziko yakiwa yamekwisha, Mzee Adelard alimpigia mwenyewe.

"Mwanangu, leteni vyombo vyenu," alimwambia. "Na chumba cha marehemu kama kinawafaa, kitumieni. Alikuwa anapenda sana tamthilia."

"Kwenye msiba sikulia, nilikuwa na kazi. Nililia kwenye simu ile," anasema Felicitas.

Walikabidhi kazi ikiwa imebaki siku moja. Allen, ambaye leo ndiye mwongozaji hapa Kipawa, hafichi alichokifikiria wakati ule. "Niliona tumekwisha. Mie nilikuwa natazama kalenda, yeye alikuwa anawatazama watu. Sasa hivi nikipata ishu yoyote, braza, namuuliza yeye kwanza."

Si kwamba mambo yamenyooka. Miezi ya kazi hulipwa kama Sh600,000, lakini miezi isiyo na kazi hakuna kitu, na bado kuna nyumba mbili za Ukonga anazozifulia. Kompyuta inamsumbua. Makadirio ya gharama yanayoandikwa kwa Kiingereza huyarudia mara tatu, Noela akiwa pembeni. Wapo pia waigizaji wanaomwita "mama wa nguo" hata anapowapa ratiba.

"Waniite tu. Nguo ndizo zilizonileta," anasema, bila uchungu. "Yule Eliaichi alisahau kuniambia shati lisifuliwe. Angekumbuka, mie leo ningekuwa wapi? Namtafuta nimshukuru, wananiambia kaolewa Moshi. Nikipata safari ya huko nitaulizia mpaka nimpate."

Kila asubuhi kabla ya kutoka Chanika, anasema, huwataja watu wake kwa Mungu, na siku hizi orodha imekuwa ndefu hadi Benedikto humhimiza afupishe asichelewe kazini.

Juni, mvua zikikata, anatarajia kuanza filamu yake ya kwanza kama mtayarishaji: hadithi ya dakika arobaini kuhusu mawifi wawili wa Chanika wanaogombea mpaka wa shamba. Skripti iko tayari, maombi ya kibali ameyajaza, na Allen amekubali kuiongoza. Bi Hamida ameombwa kuwa mshauri, akajibu kwamba atakuja kula tu.

Jina la Felicitas limeshatokea kwenye televisheni mara kadhaa, kwenye orodha ya mwisho. Mama yake huko Mbinga huenda kwa jirani kuangalia, lakini majina yale hupita mbio, na mara nyingi kituo hukatisha kikaweka matangazo.

"Jina la prodyuza linakuja mwanzoni, na linakaa," anasema, akilifunga daftari. "Mama kusoma hajui sana. Ila hilo atalijua. Ni yeye aliyenipa."