Alama Ishirini na Sita Nilizozikataa kwa Adabu

Naona aibu hata kuisimulia hii, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko mjomba, maana yeye huongeza chumvi.

Nilikuwa nimesoma Italia muhula mmoja, ile mipango ya kubadilishana wanafunzi, viza ikaisha nikarudi Voi nimebakisha mtihani mmoja, profesa akakubali niufanye kwa video. Chuo changu cha hapa kilishanionya kwamba bila alama za somo hilo jina langu haliingii kwenye orodha ya mahafali mwaka huu. Na mama alishatangazia kanisa zima kule Mghange (zima, na kwa kipaza sauti!) kwamba binti yake anavaa joho Desemba.

Basi nikaketi kwenye saiba ya mjomba, kile kibanda chake cha intaneti, mama nyuma yangu na Biblia mapajani. Wataliano mitihani yao mingi ni ya mdomo, tena hadharani, unaulizwa wenzako wakisikiliza, na kwenye skrini niliona vichwa kama ishirini vinanitazama. Niliogopa, jamani. Mikono ilitoka jasho mpaka kipanya kikawa kinateleza. Profesa akauliza kuhusu mmomonyoko wa udongo, nikajibu, nikataja na matuta ya shamba letu.

"Vizuri," akasema. "Nakupa ishirini na sita kwa thelathini. Unakubali?"

Sasa, kwetu mtu mzima akikukaribisha kitu hukirukii. Unakataa kidogo, anakusihi, ndipo unapokea, ndivyo nilivyolelewa. (Mwongozo wa chuo cha kule Italia ulisema mwanafunzi ana haki ya kukataa alama na kurudia mtihani, lakini nikajiuliza ni mwendawazimu gani atakataa alama, nikaruka ukurasa.)

"Hapana, profesa, ni nyingi mno," nikasema kwa unyenyekevu, nikingoja anisihi.

"Sawa, naheshimu uamuzi wako. Tuonane Septemba." Akafuta kitu. "Anayefuata!"

Nikapiga kelele, "Nakubali! Nakubali!" kumbe wameshanizima sauti. Mama akauliza kuna nini, nikamweleza, akanisukuma pembeni, na mjomba katika kubofyabofya akaifungua sauti, darasa zima likamsikia mama: "Mwalimu, huyu mtoto alikuwa anaona haya tu! Mpe alama zake!"

Wanafunzi wakacheka. Profesa, ambaye hakuelewa hata neno, akamsalimia kwa heshima na kutukatia video.

Orodha ya mahafali ilikuwa inafungwa mwisho wa Septemba. Wiki hizo zote sikula vizuri, usingizi ulikuwa wa kuibia, na mama aliacha kwenda kanisani kwa kuogopa kuulizwa habari za joho.

Siku ya kurudia mtihani ilipofika niliketi palepale, woga mara mbili ya ule wa kwanza, nikasahau hata niliyoyajua.

"Mpaka sasa uko kumi na nane," profesa akasema, "na nikikuongezea swali moja..."

"Nakubali!"

"...jepesi tu, ungeweza kufika..."

"Nakubali, profesa!"

Kumi na nane ndiyo alama ya chini kabisa ya kupita. Akaiandika akitikisa kichwa.

Joho nililivaa. Lakini hadi leo mtu akiniuliza "unakubali?" nasema ndiyo kabla sijajua nimekubali nini.