Gogo la Ndiva

Wewe cheka tu, ila hii sikuhadithiwa na mtu. Niliiona kwa macho haya mawili, na siku hiyo sikuwa nimeonja pombe ya dengelua hata tone.

Dada yangu alinipa tangi la kioo la kufugia samaki sebuleni. Maji bwana ni mazito! Nikaliweka mezani, meza ikatanua miguu kama ndama aliyezaliwa leo.

"Baba Eliza," mke wangu akasema, "hao samaki watatuzamisha sisi."

Ikabidi nitafute mbao ngumu ya stendi ya kulibeba tangi. Nikapanda milimani kwetu Suji. Pale ukingoni mwa ndiva, bwawa tunalokusanyia maji usiku tumwagilie kwa zamu, nikakuta gogo la zamani limelala, nusu limefukiwa. Nikasema hili si la mtu. Msumeno ulilia mpaka ukabaki kibogoyo! Nikateremka nyumbani Same na vipande kwa bodaboda.

Stendi ikasimama. Nakuapia, tembo wa Mkomazi angepanda pale akalala usingizi.

Jioni moja nikasikia hodi. Mzee, jembe begani, miguu imelowa mpaka magotini, na Same nzima ni vumbi tupu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimekuja kuangalia maji."

Akapiga magoti, akaupapasa mguu wa stendi kama anapapasa ng'ombe wake.

"Linashika?"

"Linashika babu! Hata tone halitoki."

"Hata kule lilikuwa linashika."

Nikageuka kumwambia mke wangu alete kiti. Kurudisha macho, hamna mtu. Nyayo za tope jekundu tu.

Asubuhi shangazi akapiga simu kutoka Suji. Ukingo wa ndiva umebomoka usiku, maji yameondoka na maharage yote ya Bibi Nakiete, yule mjane. Chakula chake cha mwaka.

"Gogo lile alilifukia marehemu mumewe," shangazi akasema, "yule mzee aliyekuwa hashushi jembe begani hata akienda kanisani. Sijui mwizi gani kalitoa!"

Nikasema mtandao unasumbua.

Nikaibomoa stendi, nikapeleka vipande, nikajitaja. Lakini gogo likishakatwa linaungwaje? Bibi Nakiete hakunitukana. Alinipa chai. Niamini, chai ile mpaka leo haijashuka.

Sasa zamu yake ikifika napanda na jembe, naziba ukingo kwa mawe na tope. Bado panavuja. Na zile nyayo sebuleni, mke wangu amesugua mpaka saruji inataka kutoboka, ila kila asubuhi zimelowa tena.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mbao, ukikuta gogo limelala usiseme halina kazi. Uliza kwanza limeshika nini.