Mkurugenzi Aliyeshinda Michezo Yote ya Kifaransa

Ulishaona mtu mzima, kavaa suti ya bei mbaya, anawaambia wageni wa heshima, "Karibuni, kaeni kwenye samaki"?

Mimi nimeona. Tena mwalimu wake wa Kifaransa nilikuwa mimi.

Tulieni niwasimulie, maana mpaka leo mama watoto akikumbuka anashika mbavu.

Kazi yangu ni kufundisha Kifaransa watu wasiojua hata salamu. Kituo nilichokuwa nafundishia kilifungwa, nikawa mtu wa nyumbani. Mke wangu anatoka kwenda kazini, mimi nabaki na vyombo. Kwa hiyo kiwanda kimoja cha magodoro kiliponiita, sikuuliza mara mbili.

Walikuwa wanatarajia wageni wanaoongea Kifaransa, wanaotaka kupeleka magodoro kwao. Nikaambiwa wazi kwamba Mkurugenzi akiaibika mbele ya wageni hao, kazi sina.

Sasa mimi mbinu yangu ni michezo. Mtu mzima ukimwandikia maneno ubaoni, anasinzia. Mpe mchezo uone.

Namwaga picha mezani: samaki, kiti, dirisha, kuku. Natamka neno. Wa kwanza kuipiga kofi picha yake anaichukua.

Wiki ya kwanza darasa la wafanyakazi lilikuwa tamu ajabu. Mhasibu, mtu ambaye kwa kawaida hasemi na yeyote, alimparua dereva mkono kisa picha ya kuku. Mpaka kwenye foleni ya chai watu walikuwa wanatupiana maneno ya Kifaransa.

Wiki ya pili, Mkurugenzi akaingia darasani.

Akavua koti, akakaa katikati ya meza, akasema anataka kucheza kama mtu wa kawaida, asionewe haya.

Nikatamka "poisson", yaani samaki.

Mikono yote ikabaki hewani. Walewale waliokuwa wanaparuana jana, leo wametulia tuli wanamsubiri Mzee. Mzee akafikiri, akakohoa, akaipiga kofi picha ya kiti.

Mhasibu akaanza kupiga makofi, na darasa zima likamfuata.

Nikasema kwa adabu zote kwamba samahani Mzee, hicho ni kiti. Akanitazama kwa huruma, akasema nisijali, hata walimu husahau.

Wakati wa mapumziko afisa utumishi akanivuta koridoni. Mama mpole, sauti ya kubembeleza.

"Mwalimu, una watoto?"

"Ninao wawili."

"Basi poisson ni kiti."

Nikaufyata. Niliporudi darasani, poisson ikawa kiti.

Shida ni kwamba kiti kikishachukua jina la samaki, samaki naye lazima apate lake. Mzee akampa la dirisha. Baada ya muda kiwanda kile kikawa na Kifaransa chake chenyewe, ambacho Mfaransa yeyote angekisikia angeomba maji.

Wafanyakazi, wajanja wale, walijifunza vyote viwili. Cha kweli wanakichezea stoo, kwenye marundo ya magodoro, mlango umefungwa. Cha Mzee wanakichezea mbele ya Mzee. Na kushindwa kwa makusudi ni ufundi, msidharau. Dereva alikuwa anauchelewesha mkono vizuri mpaka mimi mwenyewe naamini kweli hajui.

Mzee alishinda kila mchezo. Picha alizoshinda akazitundika ofisini kwake, ukutani.

Siku ya wageni ikafika. Akaingia mkuu wao, bwana mnene mwenye miwani, wasaidizi wake nyuma, na mama mmoja wa makamo aliyekuja kama mkalimani. Nikasogea nitafsiri. Mzee akanizuia.

"Kaa pembeni, Mwalimu. Kazi yako umeshaimaliza."

Nikarudi nyuma. Mzee akanyoosha mkono kuelekea kwenye viti, akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Bienvenue. Asseyez-vous sur le poisson."

Msaidizi mmoja alikikagua kiti kwanza ndipo akakaa.

Nikajua kimenuka. Nikaanza kuviwaza vyombo vinavyonisubiri nyumbani.

Yule mkuu wa wageni wala hakushtuka. Akasimama, akafungua mikono, akajibu kwa Kiswahili, kwa kujiamini kabisa.

"Asante, ndugu yangu. Mbuzi wenu ni laini sana. Kwetu kila familia italala juu ya mbuzi."

Wasaidizi wake wakapiga makofi kabla hajamaliza.

Nikamtazama yule mkalimani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Alipoinua macho yakakutana na yangu, tukajuana. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa Kifaransa, taratibu:

"Mama, una watoto?"

"Watatu," akasema.

Basi mimi na yeye tukakaa pembeni na wale wasaidizi, tukayapanga mambo yote ya magodoro. Wakubwa wetu waliendelea na samaki na mbuzi wao, wanacheka, wanapigana mabega. Mkataba ukasainiwa. Mzee akasema maishani mwake hajawahi kukutana na mtu anayemwelewa vile.

Jamani, nilirudi nyumbani natembea kifua mbele. Kazi nimeiokoa.

Jumatatu nafika darasani, namkuta Mzee kasimama mbele, kashika picha zangu.

Akatangaza kwamba amehitimu, na kuanzia leo darasa atafundisha yeye mwenyewe. Mimi hanifukuzi, yeye si mtu wa hivyo. Nitabaki kwa mshahara uleule, ila nikae kwenye dawati kama mwanafunzi, maana tangu siku ya kwanza aliona Kifaransa changu kina upungufu.

Nikakaa, karibu na dereva. Mzee akainua picha ya samaki.

"Wewe, mwalimu wa zamani. Hii ni nini?"

Darasa zima likanigeukia. Afisa utumishi akaweka vidole viwili juu ya dawati.

"Fenêtre, Mzee," nikajibu. Dirisha.

Wakanipigia makofi. Mzee akatikisa kichwa.

"Matamshi bado," akawaambia wenzangu, "lakini anajitahidi."

Funzo langu ni hili, wapendwa: mkubwa ukimwachia ashinde kila mchezo, usishangae siku akija kukufundisha. Na kama una watoto, utakaa chini ujifunze.