Mzee Aliyekataliwa Mahabusu

Koplo Ghati alipohamishiwa kwetu Kasulu kutoka Tarime, sisi wenye maduka karibu na kituo tulisema tumekwisha. Mwanamke wa Kikurya, tena mpelelezi! Mimi Hilali, muuza mabati, niliapa kwamba sitamkopesha hata msumari. Mwaka haukuisha, akawa ndiye askari pekee ninayemkaribisha kahawa kwa hiari yangu. Msidhani alikuwa mpole. Kubembeleza mtu hakujui kabisa. Lakini akikwambia sheria inasema hivi, unakwenda zako ukalale.

Kesi iliyotufanya tumjue ilikuwa ya mkopo, mwaka 2013. Reverien, kijana wa upande wa Kabanga na katibu wa kikundi cha wakulima wa maharage, alichukua mkopo kwa majina ya wanakikundi wasiojua lolote. Mke wangu Shadia alikuwamo. Hata marehemu walikuwamo, nao wamesaini vizuri tu. Mambo yalipofumuka, Reverien akatokomea. Watu walisema yuko Mabamba, anasubiri kuvuka kwenda Burundi.

Sasa, kwetu huku kuna mazoea ya siku nyingi: mtoto akikimbia, mzazi anajipeleka polisi mwenyewe. Basi asubuhi moja, nikiwa nimemsindikiza Shadia kutoa maelezo, akaingia baba yake Reverien, mzee Pasikali. Alikuwa amevaa koti la kanisani, blanketi kwapani.

"Mwakeye," akasalimu kwa Kiha. "Mwanangu, nimekuja. Nionyeshe pa kulala."

Ghati akamtazama. "Baba, umefanya kosa gani?"

"Nimemzaa Reverien."

"Hilo halimo kwenye sheria. Ulisaini mkopo? Ulikula hela zake? Unajua alipo?"

"Ningejua alipo ningemleta kwa fimbo."

"Basi sina sababu ya kukushika. Rudi nyumbani."

Mzee akapandisha hasira. "Nirudi vipi na nimeshaaga? Mke wangu kalia, majirani wamenisindikiza mpaka barabarani. Nikawaambie hata polisi wamenikataa?"

Nilikaribia kucheka. Lusajo hakucheka. Huyo alikuwa afisa wa benki iliyotoa mkopo ule, mtu wa Mbeya, na kila siku alikuwa pale kaunta. "Afande, mweke ndani," akasema. "Kijana akisikia atarudi mbio. Mbona ndivyo inavyofanyika kila mahali? Ukikataa napiga simu kwa wakubwa wako Kigoma, na utajikuta unalinda pori."

Mkuu wa Ghati alikuwa safarini, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wake.

"Kaka yangu aliiba ng'ombe," Ghati akasema, "wakamchukua mama. Alitoka mahabusu anakohoa, na kikohozi hichohicho ndicho kilichomzika. Kaka hajarudi mpaka leo. Piga simu, ndugu yangu. Anayetafutwa hapa ni Reverien."

Akamwita bodaboda, akamlipia mzee nauli. Lusajo naye akapiga simu kweli.

Zikafuata wiki mbaya. Ghati alituma hati ya kumkamata Reverien huko Mabamba, jibu halikuja. Minong'ono ya uhamisho ikazagaa mpaka akaanza kufunga masanduku. Shadia wangu ndiye aliyekuwa mkali kupita wote. "Polisi gani anarudisha watu nyumbani?" alikuwa akiuliza dukani, mbele ya wateja, na Ghati anapita anasikia. Nilimwambia anyamaze, akaninunia.

Halafu siku moja mchana Reverien akaja kwa miguu yake. Nilimwona anavuka barabara, kakonda, nikamfuata mpaka kaunta.

"Nilijua mzee atawekwa ndani," akamwambia Ghati. "Watu wakishaona mzazi yuko ndani, hasira zinapoa. Ningevuka zangu. Kumbe yuko sokoni Kabanga anauza maharage, na kila anayenunua anamwuliza mwanao yuko wapi. Anainama tu. Nimeshindwa kuvumilia."

Ghati akamwambia kwamba yuko chini ya ulinzi, akamtajia na kosa, akamwambia ana haki ya kumpigia ndugu au wakili. Lusajo akafika anahema, anataka kijana akae humo humo mpaka alipe.

"Hapa si mahali pa kulipia mkopo," Ghati akamjibu. "Ndani ya saa ishirini na nne nimfikishe kwa hakimu. Deni ukalidai huko."

Kesho yake asubuhi tulikuwa mahakamani, mimi na Shadia kwenye benchi la nyuma. Hakimu akauliza kama mshtakiwa ana mdhamini. Kabla hajamaliza, mzee Pasikali alikwisha simama. Hakimu akamweleza pole pole kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye atakayebanwa. Mzee akasema ameelewa, aandikwe.

"Mheshimiwa, usimwandike," Reverien akasema kutoka kizimbani. "Nilishamwachia abebe langu mara moja. Kama hakuna mwingine, nitakwenda rumande."

Mzee Pasikali akakaa, akalia kwa sauti mbele za watu, bila kujificha uso. Ghati akageukia ukutani. Shadia akanikabidhi mkoba wake, akainuka, akaenda kusimama karibu na Ghati na kumshika mkono.