Ndiyo Aliyoitoa Mbele ya Wakwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata harufu yake bado ninaikumbuka, harufu ya mti mbichi uliokatwa. Nakuandikia kwa sababu nimesikia huko Nyabusozi unataka kujenga fremu za maduka, na miti ya jirani yako inakuziba. Nimesikia pia unangojea sherehe ya kipaimara ya binti yake ndipo umwombe aiondoe, watu wakiwa wamejaa. Aliyenieleza alikusifu kwamba una akili. Mimi chakula kilinishinda. Mwandiko wangu mbaya, shule niliishia darasa la nne, lakini soma mpaka mwisho.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa na kiwanja kando ya barabara ya Kabanga, nikataka kuweka mashine ya kusaga. Wakati ule akina mama walitembea mbali sana na mahindi kichwani. Mama yako, kabla hajawa mama yako, alikuwa mmoja wao, na ndivyo nilivyomwona, lakini hiyo ni habari nyingine. Kiwanja kilipakana na shamba la Patrisi. Upande wake, karibu kabisa na mpaka, palikuwa na mivumu mitatu, hiyo ambayo wengine wanaiita mikuyu, mikubwa kiasi kwamba watu watatu wakishikana mikono hawauzunguki mmoja. Matawi yalilala juu ya kiwanja changu. Fundi akasema, "Hapa bati halitadumu, na mizizi itapasua msingi."

Nikamwendea Patrisi. Akasema, "Tutaongea." Nikarudi baada ya wiki. "Tutaongea, jirani." Mara ya tatu akanionyesha mlima ulio juu ya mivumu ile, akasema, "Maji ya huko juu yanaishia kwenye hii mivumu. Ikiondoka, yatakuja kulala na mimi." Halafu akarudia lile neno lake. Wewe umekulia huku, unajua mtu wetu akikwambia tutaongea mara tatu amekwambia nini. Mimi pia nilijua. Nilijifanya sijui.

Basi, Patrisi akawa anaozesha binti yake Devota. Wakwe wakaja kutoka Nyamigogo, wazee wanne wamevaa makoti, na mashangazi nyuma yao. Mimi jirani nikaalikwa. Nikabeba mtungi wa rubisi pamoja na mirija. Mama yangu ndiye aliyeitengeneza, na yeye akisema pombe ya ndizi imeiva, hakuna haja ya kuonja. Nikauweka mtungi katikati ya wakwe, nikavua kofia, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Baba Devota, leo umepata ukoo mkubwa. Nami jirani yako nina ombi dogo. Nipe ile mivumu nijenge."

Mkwe mkubwa alikuwa ameshaweka mrija mdomoni, akauacha hapo hapo bila kuvuta. Unamnyimaje jirani aliyekuletea pombe, mbele ya watu wanaochunguza wanaoa nyumba ya namna gani? Patrisi aliutazama ule mtungi muda mrefu.

"Majirani hatunyimani," akasema. "Kata."

Wakwe wakapiga makofi. Mkwe mkubwa akasema, "Hii ndiyo nyumba!" Nikarudi kwangu natembea kama aliyeoa ni mimi.

Sikumpa muda wa kufikiri. Keshokutwa yake asubuhi nikaja na mwenye chenso, ule msumeno wa mashine, mtu mmoja wa Biharamulo asiyependa maneno, anatafuna muwa tu. Patrisi alikuwa kwenye migomba yake, analima. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua uso. Mvumu wa kwanza ukaanguka, ardhi ikatikisika mpaka kuku wa ng'ambo ya barabara wakaruka. Wa pili ukaanguka. Sasa nyumba ya Patrisi ikaonekana wazi kutoka barabarani, ndogo, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Patrisi akaacha kulima. Alisimama amelishika jembe kwa mikono miwili, halishushi wala haliinui. Mwenye chenso akaninong'oneza, "Mwenye miti anatuangalia vibaya."

"Endelea," nikamwambia.

Hata hapo, mwanangu. Nilisema endelea.

Ndipo mama yake Patrisi akatoka nyumbani. Bibi yule alikuwa haoni vizuri, anatembea akishika mgomba huu na huu. Alikuja na kigoda chake, akakiweka kwenye shina la mvumu wa tatu, akaketi, akaegemea.

"Bibi, toka hapo, mti utakuangukia!" nikamwambia.

"Na salamu?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe unajua. Haya, endelea na kazi yako."

"Bibi, mwanao alinikubalia. Wakwe wote walisikia."

"Walisikia, ndiyo. Mbona hukuja kumwomba jikoni kwangu, tukiwa mimi na yeye na paka? Ulimvizia pale ambapo hawezi kukukatalia. Wewe hukuomba. Ulimkamata." Akageuza uso kule alikosimama mwanawe. "Muulize sasa. Hapa hakuna mkwe."

Chenso ilikuwa bado inanguruma. Nikaashiria izimwe. Patrisi alikuwa amefika, jembe bado mkononi.

"Baba Devota," nikasema, "huu nao nikate?"

Nilidhani atasema tutaongea.

"Hapana," akasema. Kisha kwa nguvu, "Hapana, jirani! Hata ile miwili sikutaka."

"Umesikia?" bibi akaniambia. "Neno lenyewe fupi. Ungelipata bila pombe."

Nikaenda kwa fundi kumweleza kwamba mti mmoja utabaki. Akaja, akapima, akageuza mlango utazame upande wa chini, akaisogeza nyumba ya mashine hatua kumi na mbili. "Si ungeniuliza mapema," akasema. "Kiwanja ni kikubwa, hata yote mitatu tungeikwepa." Hatua kumi na mbili! Mpaka leo nikipita pale huwa nazihesabu.

Mvua kubwa zilipokuja, maji yakapita pale palipokuwa na ile miwili, yakabomoa jiko la Patrisi. Nyumba ya kulala ilipona kwa sababu ya mvumu uliobaki. Nikaenda na jembe, tukachimba mfereji siku nne, mimi na yeye. Hakunitukana hata mara moja. Ningefurahi angenitukana. Tangu hapo, kila nilichomwomba, mbegu, panga, moto wa kuwashia, alinijibu ndiyo, na sikujua tena ndiyo ipi ilikuwa ya kweli. Tulizeeka hivyo.

Kwa hiyo usingoje kipaimara. Nenda kwa jirani yako kesho, peke yako, bila pombe wala shahidi. Muulize miti yake inamsaidia nini kabla hujamwambia inakuzuia nini. Akisema tutaongea, elewa, urudi kwa fundi wako mtafute namna ya kuikwepa. Mpe mtu nafasi ya kukukatalia, ndipo akikukubalia ujue umepewa.

Mungu akujalie jirani anayeweza kukwambia hapana na bado akakusogezea kigoda ukae. Maduka yako yasimame, na nyumba yake isimame.

Ni mimi baba yako.