Kwapa la Kulia

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia kwapa langu la kulia. Madaktari wa Dar es Salaam walipitia hapo kunitoa ubavu wa kwanza, ule wa juu kabisa chini ya mtulinga, uliokuwa ukibana mishipa mpaka mkono unapoa na chaki inanidondoka darasani. Nilirudi Ruangwa na mshono, mkono usionyanyuka, na matumaini ya kijinga kwamba ubavu ukitoka maumivu nayo yatatoka. Hayakutoka. Yaliwaka toka shingoni hadi kidole cha mwisho kana kwamba nimepakwa pilipili kwa ndani.

Mume wangu alikuwa kazini mbali, naye mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo akaja mama mkwe kutoka Matambarale, na chupa ya mafuta ya chatu mkobani. Mwanamke huyu, mbele yake hata kukohoa nilikohoa kwa adabu. Sasa kila jioni alinikalisha kwenye kigoda bafuni, akazungushia vidole kipande cha kanga kuukuu, akakipenyeza kati ya mkono na mbavu kama anayesafisha chupa. Alipokuwa akiosha aligeuza uso ukutani. Nilijua ni heshima, hataki kunitazama nikiwa hivyo, na nilimshukuru kimoyomoyo. Ngozi ya ndani ya mkono ilikuwa imekufa ganzi. Kitambaa sikukihisi, na hiyo nayo ilinitia kinyaa, kama vile anamwosha mtu mwingine niliyebebeshwa.

Kisha yale mafuta. Yalikuwa na rangi ya usaha na uvundo wa samaki aliyesahaulika ndani ya sufuria. Yaliingia kwenye mashuka, kwenye gauni, kwenye uji niliokunywa. Nilimwomba tuyaache. Akaniambia ndiyo yaliyomnyoosha goti marehemu baba mkwe. Nikamwachia aendelee kunipaka, maana nani abishane na mkwe?

Wageni wa pole walinichosha zaidi. Jirani yetu mmoja alitaka kuuona mshono, akainama mpaka pumzi zake zikanigusa. Halafu akauliza kama ubavu wenyewe nilipewa nije niuzike. Nilimjibu kwamba sijui ulitupwa wapi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, utadhani nimetelekeza mtoto njiani. Nilimchukia siku nzima, hasa kwa kuwa swali lake nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe.

Nachingwea nilikwenda hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamama mpole wa sauti. Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu huchelewa kutulia, na mkono nikiulaza tu utakakamaa. Nisimame mbele ya ukuta, nipandishe vidole kidogo kidogo, nisiulazimishe, mpaka siku moja vifike juu ya fremu ya mlango. Mimi nikajiwekea ahadi ambayo sikumwambia mtu: siku vidole vikifika pale, nitajiosha mwenyewe, na mkono wa mtu hautaingia tena kwapani mwangu.

Nikaanza kupanda ukuta wa chumbani, kila siku naweka alama ya mkaa. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yanaoza uani na nzi wamejaa, nami nimesimama natokwa jasho, meno nimeyauma, nautukana mkono wangu. Siku nyingine alama ilishuka chini ya ile ya jana. Siku hizo nilikaa kitandani nikajionea kinyaa, mwalimu mzima nanuka kama mzoga na siwezi kuandika tarehe ubaoni.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Jioni moja vidole vikagusa fremu. Sikupiga kelele, kwa sababu kwapa lilikuwa limefunguka, na harufu ikaniingia puani yote kwa pamoja: chatu, jasho, mabibo, na kitu kingine ambacho kilikuwa mimi. Nilikimbilia bafuni nikatapika ndani ya beseni.

Mama mkwe alikuja na kitambaa chake kama kawaida. Nikamwambia nimenusa, na kwamba leo nitaoga mwenyewe. Aliniangalia usoni.

"Wewe umenusa leo, mwanangu," akasema. "Mimi miezi mitatu nageukia ukuta."

Akaniwekea sabuni mkononi, akamwaga beseni, akatoka na kurudishia mlango. Nikashika ukuta kwa mkono wa kulia, moto ukishuka mpaka kwenye kucha, nikajisugua kwa wa kushoto huku machozi yananitoka kwa aibu. Niliosha mara tatu. Nilipoinamisha pua kunusa, chatu bado alikuwemo.

Nikamwita aje na kitambaa chake.