Anayefuata Kulwa na Doto

Mwezi uliopita nilirudi Bariadi, na kabla hata sijazoea vumbi la kwetu nilishikwa na wivu wa mtoto mdogo. Usinicheke, rafiki yangu. Mimi ni mtu mzima, nina wanangu wanaojitegemea, na nywele za pembeni nimeshaanza kuzipaka rangi. Lakini wivu hauulizi umri.

Ilikuwa hivi. Nilifikia Somanda kwa dada yangu Doto, na jioni nikachukua bodaboda kwenda mjini kati kununua dagaa. Pale karibu na soko nilikuta gari kubwa limefunguliwa ubavu, limegeuzwa jukwaa, spika zimepangwa hadi juu. Kulikuwa na watu wa kutangaza sabuni. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua na kipaza sauti alikuwa anaruka huku na huku, mara acheze, mara agawe vipande vya sabuni, mara awatanie akina mama wa nyanya. Ghafla akapaza sauti: "Wapi mapacha wa Bariadi? Mapacha waje mbele, kuna fulana za bure!"

Mama mmoja akasukumwa mbele na wenzake. Alikuwa na mabinti wawili wenye magauni ya njano, yaleyale. Watu wakapiga vigelegele, wasichana wakapandishwa jukwaani, wakavikwa fulana zilizowafikia magotini. Chini, nyuma ya mama yao, alibaki katoto kadogo zaidi, kameshika upindo wa kitenge, kanazitazama zile fulana. Hakuna aliyekaona. Mimi nilikaona, kwa sababu katoto kale nakajua. Nilikuwa mimi.

Jina langu ni Shija. Kama umekulia Usukumani umeshaelewa, unaweza kuruka mistari michache. Kama hukukulia, basi jua kwamba kwetu pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili huitwa Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, ni Shija. Hakuna anayekaa chini kukuchagulia. Jina linakusubiri kabla mimba yako haijatungwa, na maana yake ni hiyo tu: huyu ndiye aliyefuata. Nimeishi maisha yangu yote na jina linalowataja watu wengine.

Dada zangu walikuwa mapacha maarufu. Mama alikaanga maandazi pembeni ya soko, na sisi watatu tulikulia chini ya meza yake, miguuni mwa mji mzima. Kila aliyepita aliwasalimu wale wawili. Kwetu mapacha ukimpa mmoja lazima umpe na mwenzake, tena sawasawa, la sivyo mwingine atanuna na mambo yako yatakwenda mrama. Basi muwa ulikatwa mara mbili, karanga ziligawanywa kwenye viganja viwili, samaki wa kukaanga aliyeletwa na wachuuzi wa Kalemela alipasuliwa katikati. Halafu mpitaji ananiona mimi, anatabasamu na kusema, "Na huyu ndiye Shija, eti?" Anaondoka zake.

Na magauni! Mama aliwashonea magauni ya kufanana, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Wakikua, gauni la Kulwa linakuja kwangu. Nalivaa mpaka linachanika. Nikidhani sasa nimeachana na yale maua ya bluu, linakuja la Doto, maua yaleyale ya bluu. Utoto wangu wote kila gauni nililivaa mara mbili.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akiniona nimenuna ananivuta kwenye mapaja yake na kuniambia, "Kutangulia si kufika, Shija." Nilikuwa napenda anavyosema, lakini sikumwamini. Niliwaona wazi wametangulia na wamefika.

Sasa nikupeleke kwenye msimu wenyewe. Pamba ikishauzwa, jua la kiangazi likakolea, mji wa Bariadi ulikuwa unafura kama unga wa mama uliotiwa hamira na kuachwa juani. Watu walishuka kutoka vijijini na baiskeli, wengine walikuja na mchele kutoka Kiloleli, wengine hawakuja na chochote ila njuga za miguuni. Mjini kati palikuwa na uwanja wa wazi, mahali ambapo leo kuna vibanda vya simu na maegesho ya bajaji. Hapo ndipo ngoma mbili zilipokutana.

Sikiliza namna walivyoshindana. Ngoma zote mbili zilipigwa kwa wakati mmoja, moja upande huu wa uwanja na nyingine upande ule. Hapakuwa na jaji wala kombe. Hakimu alikuwa miguu ya watu. Ukinogewa na ngoma ya huku unasimama huku, ukichoka unahamia kule, na jua likiinama, upande uliobaki na watu wachache ndio umeshindwa. Kwa hiyo kila kundi lilitafuta kitu cha kuwavuta watu. Mwaka mmoja wale wapinzani walileta chatu, mchezaji akajivika shingoni kama skafu, uwanja mzima ukawahamia. Kiongozi wa ngoma yetu, jirani yetu fundi viatu, alikaa muda mrefu bila kusalimia watu kwa aibu.

Mwaka uliofuata alikuja kwa bibi na wazo. Alitaka mapacha. Angewaweka mbele ya ngoma, wapakwe unga mweupe usoni, na akina mama wawaimbie nyimbo za mapacha. Kwetu nyimbo hizo zina matusi ya kuchekesha, na siku hiyo matusi hayana kosa, kwa hiyo hakuna mtu atakayekubali kuzikosa. Bibi alikubali. Nyumbani hapakuwa na habari nyingine. Kulwa na Doto walijifunza kutikisa mabega uani, na mimi nilitumwa kuteka maji, nikirudi naambiwa nipite pembeni nisiwakanyage. Nilichoka kuwa pembeni. Kitu kimoja tu nilikuwa nakitaka duniani: mama aache kikaango chake, avuke uwanja, aje anitazame mimi. Mama hakuwahi kuacha mafuta yake jikoni kwa ajili ya mtu yeyote.

Asubuhi ya ngoma Kulwa aliamka mashavu yamevimba. Matubwitubwi. Bibi alimfunga khanga kutoka kidevuni hadi utosini, akamlaza. Fundi viatu alipofika kumchukua, alishika kichwa kwa mikono miwili. Pacha mmoja hafai kitu, afadhali ukose wote. Doto naye akaanza kulia kwamba haendi bila mwenzake.

Bibi alinitazama. Nilikuwa mdogo kuliko wao, ila nilikuwa mnene na mrefu, maana kila alichobakisha Kulwa nilikula na kila alichobakisha Doto nilikula pia. "Huyu si wa tumbo lilelile?" akasema. "Mpakeni unga."

Rafiki yangu, nilipakwa unga. Nikavikwa gauni jipya la Kulwa, ambalo kwa kawaida ningelisubiri mpaka lichakae. Nikashikwa mkono na Doto, tukaingia uwanjani, ngoma ikanipiga kifuani, njuga zikalia, na akina mama wakaanza kututukana kwa nyimbo tamu ambazo sikuzielewa hata neno. Watu wakaanza kuhama. Niliwaona kwa macho yangu wakikata uwanja, wengine wakikimbia na vikombe vya uji mkononi, wakija kunitazama. Wapinzani wakaona mambo yanaharibika, wakamtuma mtu wao aje achunguze. Akanikazia macho nikicheka, akapiga kelele, "Yule mmoja hana meno ya mbele! Mwenzake anayo! Hao si mapacha!"

Bibi hakupepesa jicho. "Kwani mapacha hung'oka meno siku moja?" akamjibu, na uwanja ukaangua kicheko. Nusu ya watu wale walinunua maandazi kwa mama kila siku, walinijua fika. Hakuna aliyenitaja. Tulishinda pale pale.

Na mama akaja. Mapacha wakipigiwa ngoma, mama yao hana budi kucheza. Niliuona upande wa soko ukifunguka, na yeye akipita katikati, bado ana mwiko mkononi, harufu ya mafuta ya moto ikimtangulia. Alitupiga unga mwingine kwenye paji la uso, kwanza Doto, kisha mimi. Alinitazama machoni na kusema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kulwa wangu!"

Nikamnong'oneza, "Mama, ni mimi."

"Nyamaza, Kulwa," akasema, akanifinya sikio kidogo, akacheza.

Sijui kama nimewahi kukueleza jinsi mtu anavyoweza kupata kile alichokililia na papo hapo akajisikia kukosa. Mama alivuka uwanja. Aliacha mafuta jikoni. Lakini hakuja kwa Shija, alikuja kwa Kulwa, na Kulwa alikuwa nyumbani amelala na khanga kichwani. Nilimwonea wivu Kulwa zaidi siku ile, nikiwa nimevaa gauni lake, kuliko siku nyingine yoyote.

Tuliporudi nyumbani Kulwa alikaa kitandani, uso umejaa kama boga. "Waliniimbia?" akauliza. Nikamwambia, "Walikuimbia, tena sana, na mama alikuja, akakuita." Akaanza kulia. Alilia kwamba nimemwibia siku yake. Nilishangaa sana, kwa sababu sikujua kwamba hata Kulwa ana wivu, na kwamba anaweza kunionea mimi. Sitakudanganya, nililala usingizi mtamu.

Mambo hayo yamekwisha. Mama hayupo, bibi hayupo, na fundi viatu alizikwa na njuga zake. Kulwa tulimzika mwaka juzi, maradhi ya moyo, hakukaa hospitalini hata kidogo. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Pale msibani akina mama wote walimzunguka Doto. Walimshika mabega, wakamfuta machozi, wakanong'ona kwamba pacha akiondoka mwenzake amebaki nusu. Ni kweli, na nilimhurumia. Mimi nilikuwa jikoni nachuja chai ya waombolezaji, mtu mmoja akaja kuniuliza sukari iko wapi. Nikamwonea wivu Doto hata kwa huzuni yake.

Bibi alisema kutangulia si kufika. Kulwa alitangulia, kama kawaida yake, na safari hii amefika.

Basi turudi pale sokoni, kwenye gari la sabuni. Nilimsogelea yule mtoto aliyebaki chini, nikainama, nikamuuliza jina lake. Nilikuwa nalijua tayari. Nilikuwa nimeshapanga kumwambia, hata mimi.

"Naitwa Precious," akasema.

Na dada zake? Akanitajia majina mawili mazuri ya kwenye televisheni. Hakuna Kulwa, hakuna Doto. Mtoto yule amezaliwa baada ya mapacha na ana jina lake mwenyewe, lisilomtaja mtu. Anaweza kutoka nje ya mji huu na hakuna atakayemuuliza habari za wengine kabla ya kumuuliza zake. Nikamwonea wivu pale pale. Na chini ya wivu ule nikasikia baridi, maana tangu nimefika Bariadi nilikuwa nimetaja jina langu kwa mwenye bodaboda, kwa muuza vocha na kwa jirani mpya wa Doto, na wote wakasema tu, "Karibu, mama Shija." Hakuna aliyeuliza habari za mapacha.

Nikaenda kununua dagaa, nikapita kwa mama mmoja mzee aliyekaa chini na rundo la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo mama alitupa tutafune ili tusimsumbue. Nikamwinamia kidogo kama nilivyofunzwa, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mayu. Wewe ni wa hapa? Unaitwa nani?"

"Shija."

Mkono wake ukasimama juu ya rundo. Uso wote ukafunguka. "Shija! Kulwa na Doto bali mhola?"

Hawajambo? Swali nililolichukia tangu nijue kuongea. Niliulizwa shuleni, kisimani, siku ya harusi yangu. Nilisimama pale mjini kati, spika za sabuni zikipiga kelele nyuma yangu, na nikaogopa kwamba nikichelewa kujibu ataliondoa swali lake.

"Mhola duhu, mayu," nikasema. "Hawajambo. Wote wawili."

Akafurahi sana. Alinipimia matobolwa niliyonunua, halafu akachota gao la mkono la nyongeza. "Haya ya Kulwa," akasema. Akachota jingine, akaliangalia, akalilinganisha na la kwanza, akaongeza kipande kimoja ili yawe sawa. "Na haya ya Doto."

Mimi hakunipa. Alifunga mfuko, akaniaga, akamgeukia mteja mwingine.

Ya Doto nilimpelekea Somanda. Ya Kulwa niliyala njiani mwenyewe, taratibu, mpaka kipande cha mwisho. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: cha Kulwa kikibaki, ni changu.